Mama Alifunga Jalada, Barua Zikaendelea Kuja

Barabara ya Hollis, nyumba namba 1418,
Saginaw, Michigan.
12 Machi 2023

Mpendwa mdogo wangu Lavon,

Hujambo ndugu yangu? Wifi yangu Juanetta hajambo? Na huyo mjukuu wenu mpya, ameshaota meno au bado anacheka na ufizi? Nasikia huko Anchorage jua limeanza kurudi. Huku kwetu theluji imetupiga hadi juma lililopita, na goti langu la kushoto limekuwa likinitangazia kila dhoruba siku moja kabla ya redio. Vinginevyo sijambo. Mama naye hajambo, sukari yake imetulia, na bado anagombana na daktari juu ya pai ya viazi vitamu. Naona daktari ameshakata tamaa.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu nikitaja jina la Rozell wewe hukumbuka ghafla kwamba umeacha chungu motoni. Karatasi haikatiki. Basi kaa kitako, jimiminie kahawa, usome mpaka mwisho. Ni dada yako mkubwa anayekuomba, na unajua siombi mara nyingi.

Unayakumbuka uliyoniambia mdogo wetu alipotoka gerezani Aprili ya mwaka jana. Ulisema, "Dada Earlene, mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Asikanyage kwa Mama." Sikukulaumu. Jina la kwanza alilolichukua lilikuwa lako. Alifungua kadi za mkopo kwa jina lako wewe ukiwa hujui hili wala lile, na ukahangaika miaka mitatu kujisafisha, hata nyumba ya kupanga ukanyimwa. Baada yako ndipo alipowaingilia watu baki, na hao hawakuwa na undugu naye. Wakampeleka mahakamani, akala miaka sita. Nami nilikuahidi kwamba nitamwekea jicho, na siku nitakayoona kitu nitampigia afisa anayemsimamia, bila kuuliza mara mbili. Simu moja tu ilitosha kumrudisha ndani.

Nilikaribia sana kuitimiza ahadi hiyo. Nataka ujue ilikuwaje.

Mama hakutusikiliza wewe wala mimi. Alimpa Rozell chumba chake cha zamani, kile cha nyuma. Rozell akapata kazi ya kufagia ghala, na msimu ulipoanza akaingia kiwanda cha sukari, kupakua malori ya viazisukari. Alikuwa anatoka alfajiri na kurudi na matope hadi magotini. Kanisani alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Nilimwona, nikasema moyoni, mwenye kovu usidhani kapoa.

Mwezi Juni alimkuta Mama akipanga bahasha kwenye droo ya vijiko. Unazijua bahasha zile: "Bibi Idella Tubbs, tumeshakukubalia kadi, weka sahihi tu." Zilikuwa arobaini na ushee, nyingine hazijafunguliwa. Mama anasema Rozell alikaa chini kama mtu aliyepigwa. Akamwambia, "Mama, mimi nilikuwa naishi kwa barua hizi. Nilikuwa nazitoa kwenye masanduku ya watu barabarani." Akazichana zote, moja moja. Kisha akamshauri azipigie simu zile ofisi tatu zinazotunza taarifa za mikopo za kila mtu, afunge jalada lake huko kote kutatu.

Wenyewe husema wanaligandisha. Sijui kwa nini wametafuta neno lenye baridi kama hapa hatujaganda vya kutosha. Maana yake ni kwamba mkopeshaji mpya akienda kuuliza habari zako, anakuta kufuli, na asiyeziona habari zako hatoi mkopo. Aliyekwisha kukukopesha zamani bado anaweza kutazama. Na wewe mwenyewe unaweza kulifungua siku unayotaka, kwa namba yako ya siri. Halilipiwi hata senti.

Mama alinipigia jioni ile akiwa na furaha kama aliyeshinda mashindano. "Leo nimefunga jalada, Earlene!"

"Nani kakufundisha?"

"Rozell."

Lavon, nikaanza kuhesabu anayoyajua sasa. Ili kufunga jalada ni lazima utaje namba yako ya hifadhi ya jamii, tarehe ya kuzaliwa, anwani, kila kitu. Nikamwona akilini Rozell amekaa kando ya Mama akisikiliza yote. Nilikupigia wewe, ukasema, "Ameshaingia ghalani, sasa anachagua gunia." Hiyo ndiyo picha tuliyobaki nayo sote wawili.

Na mambo yakaonekana kutuunga mkono, maana barua hazikukoma. Julai zikaja, Agosti zikaja, na juma moja la Septemba nilihesabu saba. Nikajiuliza, kufuli gani hili? Nikaona wazi kwamba hakuna kilichofungwa, Mama amechezewa, na Rozell ana namba zake zote kichwani. Siku hiyo nilimngoja jikoni arudi kutoka kazini.

"Wewe Rozell, ulisema jalada limefungwa?"

"Limefungwa, dada."

"Basi hizi nini? Zinaingia kwa bomba la moshi?"

Akavua kofia. Akaniambia kwa upole, tena upole ule ndio ulionikera, "Kufunga hakuzuii hizo. Wenye kadi hawalifungui jalada la Mama. Wanapewa orodha ya majina ya watu wanaolipa vizuri, wanatuma barua. Ukitaka zikome kuna namba nyingine kabisa ya kupiga. Nilimpa Mama tangu Juni. Hataki kupiga."

"Mama hataki kuondolewa takataka?"

"Muulize mwenyewe."

"Una majibu wewe, Rozell. Tangu utotoni una majibu."

"Ndiyo, dada," akasema, akaenda kunawa. Sikumuuliza Mama. Niliona nimeusikia uongo mzuri kuliko wote, nikauweka kiporo.

Alhamisi moja kabla ya Sikukuu ya Shukrani nilipita kwa Mama na bata mzinga mdogo aliyegandishwa. Sandukuni nikakuta barua kutoka duka kubwa la televisheni na majokofu kule Flint. Nikaifungua njiani, Mungu anisamehe. Iliandikwa kwamba wamepokea ombi la Bibi Idella Tubbs la kadi ya duka lao, kwa kutumia ile karatasi waliyomtumia ya "tumeshakukubalia", ila anwani iliyoandikwa kwenye ombi ni ya Flint na siyo ya Saginaw.

Sikusoma zaidi. Niliingia jikoni na koti na viatu vya theluji, nikaitoa simu, nikaitafuta namba ya yule afisa. Rozell alikuwa amesimama kwenye sinki anaosha majani ya mboga. Nikamrushia barua.

"Haya! Na hili lina jibu?"

Akaiokota, akaisoma. Nilidhani atajitetea. Aliiweka mezani, akafuta mikono, akavuta kiti, akakaa na mikono yote miwili juu ya meza, viganja juu, kama wanavyofundishwa huko alikokuwa. Lavon, sijawahi kuona mtu akingoja vile. Nilikuwa nimeshabonyeza namba tatu za mwanzo.

Mama akatoka chumbani na fimbo yake. "Earlene, weka hiyo simu chini."

"Mama, hujui—"

"Nimesema weka chini. Nilikuzaa mimi. Nisomee hiyo barua, na uisome yote, siyo mpaka pale hasira ilipokutosha."

Nikasoma kwa sauti. Chini ya pale nilipoishia palikuwa na mistari minne. Ilisema ombi limekataliwa, kwa sababu walipokwenda kuuliza waliambiwa jalada la Bibi Tubbs limefungwa na mwenyewe. Wakaomba kama kweli ni yeye aliyeomba, alifungue kisha awasiliane nao; na kama siye, awapigie simu haraka.

Nikaishusha barua mezani.

"Haya," Mama akasema, "niambie kwa lugha yangu mimi mwanamke wa darasa la nane. Mwizi amekuja?"

"Amekuja, Mama."

"Ameingia?"

"Hakuingia."

"Nani aliyenifungia mlango?"

Nilitazama barua. Rozell naye alikuwa anatazama viganja vyake.

"Na wewe unadhani alisikia namba zangu," Mama akaendelea. "Siku ile nilipozipiga zile simu, huyu alinitafutia namba za ofisi, akaniandikia kwa herufi kubwa, kisha akatoka nje. Mvua ilikuwa inanyesha, Earlene. Alikaa kwenye ngazi za uani saa nzima na nusu. Nilimwita aingie, akakataa. Alisema, 'Mama, sitaki kuzijua. Siku mtu akikuuliza kama nilikuwepo ulipozitaja, uweze kusema hapana bila kusita.' Namba ya siri ya kufungulia ninayo mimi peke yangu, na hutaipata hata wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza?"

Nilivua koti. Nilikaa. Nikamwambia Rozell, "Nisamehe, mdogo wangu," naye akasema, "Dada, ningekuwa wewe ningeshampigia yule afisa mpaka na baba yake." Tukacheka huku tunalia, na yale majani ya mboga, nakuapia, yalibaki kwenye maji mpaka yakalegea.

Hata hivyo sikuridhika, unanijua. Nilitaka kuona kwa macho. Mama akaagiza nakala ya taarifa zake, haitozwi kitu, ikafika kwa posta kabla ya mwezi kwisha. Mwishoni kuna orodha ya wote waliouliza habari zake. Rozell alituelekeza, safari hii akiwa upande wa pili wa meza, hata karatasi hakuigusa. Kuna maulizo mepesi na maulizo mazito. Mepesi ni ya wale wanaotuma barua, na ya benki yake ya siku zote, na ya Mama mwenyewe alipojitazama. Hayo mepesi hakuna mtu mwingine anayeyaona ila Mama, wala hayamharibii sifa. Yalikuwa mengi kama nzi. Mazito ni ya mtu anayetaka kukukopesha hasa. Hayo kila mkopeshaji huyaona, na yakirundikana wanakuona una njaa. Upande wa mazito palikuwa patupu, Lavon. La duka la Flint halikuwepo, kwa sababu liligonga kufuli likarudi. Nilipitisha kidole mara mbili.

Yule mwizi alipatikana Januari. Ni mtu baki, hatumjui, alikuwa anapita barabara hizi zetu akichokonoa masanduku. Polisi walikuta kwake mfuko wa barua za nyumba tisa, na kuna wazee wawili mtaa wa pili ambao hawakufunga chochote. Hao bado wanahangaika hadi leo. Wewe unajua kuhangaika huko kuliko mimi.

Sasa lile la Mama kukataa kuzuia barua. Nilimuuliza hatimaye. Aliona haya kidogo, akasema, "Nikizizuia, nani ataniandikia? Wewe huniandikii. Lavon haniandikii. Hawa angalau wananiita Bibi Idella Tubbs, tena kwa wino wa dhahabu." Wewe jibu lako utalitafuta mwenyewe.

Lakini baada ya lile la Flint alikubali. Alipiga ile namba, wakamwambia kwa simu barua huzuiwa miaka mitano tu, akitaka zizuiwe daima atie sahihi fomu airudishe. Akatia sahihi. Barua zilichukua kama miezi miwili kukauka. Na unajua Rozell alifanya nini? Kila Jumatatu akitoka kiwandani hupita posta, humwandikia Mama kadi, huibandika stempu na kuituma. Wanaishi nyumba moja! Anaandika, "Bibi Idella Tubbs, leo tumepakua malori thelathini na moja, na mmoja wetu ameanguka kwenye viazi akazama mpaka kiunoni." Jumatano Mama huenda sandukuni na fimbo yake, hurudi akasoma kwa sauti, na Rozell husikiliza kama hajui kilichoandikwa.

Nikuchekeshe kidogo. Desemba tanuru la kupashia nyumba moto lilikufa, na fundi alitaka Mama anunue jipya kwa mkopo. Nikaanza kuhaha, jalada limefungwa, itakuwaje? Mama akamuuliza fundi, "Hao wakopeshaji wako wanaulizia ofisi ipi kati ya zile tatu?" Yule kijana wa watu akakodoa macho. Akapiga simu kuuliza. Mama akaingia chumbani, akafunga mlango, akalifungua jalada hilo moja kwa siku moja tu, akatoka na kusema, "Una mpaka kesho jioni." Miaka themanini na tatu, ndugu yangu! Ulizo moja zito likaingia, lile alilolitaka mwenyewe, na kesho yake mlango ukajifunga. Fundi alipoaga alimwita "bosi".

Habari zikaenea kanisani, maana Mama hana siri isipokuwa ile namba. Mchungaji Pettaway akamwomba Rozell aje Jumamosi moja ya Februari, ukumbini, awaeleze wazee namna ya kufunga. Rozell alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaniuliza mimi, "Dada, nitawaambia nimejuaje haya?" Nikamwambia, "Sema ukweli, kisha kaa chini." Nilidhani watakuja watu kumi. Walikuja sitini na wanne, na viti vikaazimwa darasa la watoto.

Alisimama na shati lile la buluu la marehemu Baba. Akasema, "Naitwa Rozell Tubbs. Wengi wenu mnajua nilikuwa wapi. Nilikuwa mwizi wa majina. Kila nitakachowaambia leo, nakijua kwa sababu ndicho kilichokuwa kinanizuia, au kilichokuwa kinanisaidia." Mama mmoja wa viti vya mbele, Bibi Hortense Gaines, yule mwenye ulimi, akadakia, "Na tutajuaje hujaja kutupima mifuko?" Ukumbi ukacheka, lakini cheko la mashaka.

Rozell hakukasirika. Akasema, "Hamtajua, Bibi Gaines. Ndiyo maana mkianza kupiga simu mimi nitakuwa nje kwenye maegesho. Binti zenu watawasaidia. Msinitajie namba yoyote, hata ya nyumba."

Akaeleza vizuri, polepole, nani bado anaona jalada likifungwa na nani haoni, na kwamba barua zitaendelea kuja mpaka wapige ile namba ya pili, wasije wakadhani wamedanganywa. Hapo alinitazama mimi, akatabasamu. Nami nikainamisha kichwa.

Kisha Bibi Gaines akauliza tena, safari hii bila mzaha, "Mwanangu, wa kwanza alikuwa nani? Uliyemwibia wa kwanza?"

Nilitaka kusimama nimzuie. Rozell akanitazama, akatikisa kichwa. Akasema, "Wa kwanza ni kaka yangu, Lavon. Anaishi Alaska. Jina lake ndilo la kwanza nililolichafua, na alikuwa na kila sababu ya kunishtaki, hakunishtaki. Miaka yote hii nimeuliza watu, nimeuliza hata gerezani, watu wa kwetu walioletwa baada yangu, kaka yangu anasemaje juu yangu huko nje. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia akinisema. Nilichafua jina lake, yeye langu hakuligusa."

Akatoka nje kwenye baridi, ukumbi mzima ukaanza kupiga simu.

Lavon, nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, nimewapikia watoto wa shule ya hapa miaka ishirini na nane. Sijawahi kujivunia watu kama nilivyojivunia siku ile, na waliokuwa wananijaza fahari ni wawili, mmoja kwenye maegesho ya kanisa na mwingine maili elfu kadhaa kutoka hapa. Sikujua kwamba hukuwahi kumsema kwa mtu. Kwangu mimi ulisema, na mimi ni dada yako, nafasi ya kusemea ni hii. Nje ulinyamaza. Mama alijua. Alinibana mkono akasema, "Wote wawili ni wangu."

Rozell hajui kama nakuandikia. Hajaniomba nikuombee chochote, wala mimi sikuombi umsamehe. Hilo ni lako, na ulilipata kwa gharama. Nimekueleza tu niliyoyaona kwa macho haya, kwa sababu nilikueleza pia niliyoyadhania, na haikuwa haki dhana ifike Alaska na ukweli ubaki Saginaw.

Msimu wa sukari unakwisha juma hili. Rozell ameshapewa kazi ya kudumu, ya ufundi wa mitambo, kuanzia Aprili. Hurudi nyumbani saa kumi na moja jioni, saa zetu. Simu ya Mama huipokea yeye.

Nisalimie Juanetta sana, na binti yenu Corliss na mumewe, na mpe busu huyo mdogo asiye na meno. Mama anakusalimu, shangazi Ruthene anakusalimu na anauliza kama samaki wa huko ni wakubwa kama unavyodai. Mungu aliyetulinda mlangoni akulinde na wewe njiani, na akuletee majira ya joto mapema.

Ni mimi, dada yako asiyechoka kukupenda,

Earlene